Intakula ya kununua Arusha na Moshi: pitisha kidole mdomoni mwa bomba kabla hujatoa hela

Malalamiko yanayonifikia kuhusu intakula, yaani kipoozeo cha hewa iliyosukumwa na turbo kabla haijaingia kwenye injini, yanafanana sana. La karibuni ni la dada mmoja wa Moshi mwenye Subaru Forester ya turbo, ile feni inayoisukumia injini hewa. Alifungiwa intakula mpya ya mbele, kubwa, inang'aa hadi raha. Akiwa anapandisha kwenda Marangu na abiria wamejaa, akasikia mlio mmoja mzito chini ya boneti. Gari likaishiwa pumzi, moshi mweusi ukatanda nyuma, likazima. Fundi akaja, akarudisha hozi mahali pake, akakaza klipu. Wakati wa kushuka ikachomoka tena kabla hajafika Himo. Akauziwa klipu mpya, baadaye hozi mpya, na mwisho akaambiwa turbo imekufa, atafute hela ya nyingine.

Turbo ilikuwa nzima. Nilimwomba anitumie picha ya bomba pale hozi inapovalishwa, na picha ilimaliza maneno yote. Bomba lilikuwa laini mpaka mwisho, limekatwa kwa msumeno na kuachwa hivyohivyo. Halikuwa na tuta.

Tuta ninalosema ni ule ukingo ulioinuka milimita mbili hivi kuzunguka mdomo wa bomba. Hozi inavishwa ipite juu yake, halafu klipu inakaa nyuma yake, upande wa ndani. Hozi ikisukumwa na presha itoke, inakwama pale. Pasipo na tuta, kinachoishikilia ni msuguano peke yake, silikoni juu ya alumini laini, penye joto na mvuke wa oili unaotoka kwenye injini. Hapo ni suala la muda tu.

Tufanye hesabu kidogo, maana wauzaji hawapendi hesabu hii. Bomba la inchi mbili na nusu lina upana wa milimita 63 hivi. Turbo ikisukuma presha ya baa 1 (baa ni kipimo cha presha), hozi inasukumwa itoke kwa nguvu ya kilo 31 hivi. Bomba la inchi 3 kwa presha hiyohiyo linafika kilo 46, karibu sawa na mfuko mzima wa saruji unaoning'inia kwenye klipu moja. Na nguvu hiyo inakuja na kuondoka kila unapokanyaga mafuta na kuachia, siku nzima. Kwa hiyo anayekusifia mabomba manene yenye midomo laini anakuuzia tatizo kubwa kuliko la yule wa mabomba membamba.

Kuhusu moshi mweusi na gari kuzima, wala si uchawi wala turbo. Kwenye hizi Subaru sensa ya kupima hewa iko karibu na kichujio, kabla ya turbo. Kompyuta imeshahesabu hewa iliyoingia na imeshamwaga petroli inayolingana nayo. Hozi ikichomoka, hewa inaishia nje na petroli inabaki bila mwenzake. Ukimwona fundi anakimbilia kufungua turbo kabla hajapapasa hozi zote kwa mkono, mwambie asimame.

Ukubwa, rangi na nguvu za farasi siviongelei hapa, hivyo kila duka linaviimba. Nitasema moja tu kuhusu huku kwetu. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na turbo lazima ihangaike zaidi kufikisha presha ileile ambayo mwenzako wa Dar anaipata kirahisi. Ikihangaika, hewa inatoka ya moto zaidi. Kwa baa 1, hewa inayotoka kwenye turbo inapita nyuzi 100 bila shida. Intakula ikiishusha kutoka nyuzi 120 hadi 50, hewa ileile inakuwa nzito kwa asilimia 20 hivi, na injini ya petroli inaacha kugonga, yaani petroli kujilipukia yenyewe ndani ya silinda. Kugonga ndiko kunakomaliza pistoni za Subaru za turbo, kwa hiyo intakula si pambo.

Sasa orodha yangu. Nimeipanga kwa viungio: intakula yenye viungio vichache na midomo yenye tuta iko juu.

Namba moja ni Process West, na naipendelea wazi. Ni kampuni ya Perth, Australia, na intakula zao za Subaru zinakaa juu ya injini, palepale ilipokaa ya kiwandani, chini ya lile tundu la boneti. Hewa inapita wima kwenye njia nyingi fupi badala ya kuzungushwa kwenye njia chache ndefu, kwa hiyo presha haipotelei njiani. Ninachoipendea zaidi ni kwamba hakuna mabomba ya kuzunguka hadi kwenye bampa na kurudi. Hozi moja inatoka kwenye turbo, nyingine fupi inaingia kwenye throtoli (mlango wa hewa wa injini), basi. Niliyoishika mkononi ilikuwa na tuta kamili, limetokana na bomba lenyewe, na ukipitisha kidole unalisikia mzunguko mzima bila kukatika. Kasoro yake ni ya intakula zote za juu: ukikaa kwenye foleni ya Sanawari inanyonya joto la injini lililo chini yake, na unahitaji kwenda mwendo kidogo ndipo ipoe. Mimi nakubali kasoro hiyo kuliko kukata bampa.

Bei yake inauma. Mpaka uishike mkononi Arusha, ukishalipa kununua, ndege na kodi, haipungui milioni mbili. VAT peke yake ni asilimia 18, na inapigwa juu ya thamani ambayo tayari imejumuisha nauli na ushuru wa forodha. Yaani unalipia kodi ya nauli. Nauli hiyo inatozwa kwa ukubwa wa boksi, na intakula ni nyepesi lakini boksi lake ni kubwa. Mtu anayetaka kulinda injini yake analipishwa kama anayeagiza anasa, na hilo linanikera kila ninapopiga hesabu.

Namba mbili ni intakula ya kiwandani ya Impreza STI, used ya Japan. Ni kubwa kuliko ya WRX na ya Forester ya kawaida, inakaa palepale juu, na midomo yake imetengenezwa kiwandani kama inavyotakiwa. Nairobi, kule Kirinyaga Road, zinapatikana kwa sababu Subaru ziko nyingi, na mzigo unavuka Namanga kila siku. Ukinunua, chukua na bomba lake lenye umbo la Y na mabano yake, usikubali kuuziwa kipande kimojakimoja. Kisha tazama kwa makini pale tangi la pembeni linapokutana na mwili wa alumini. Intakula nyingi za kiwandani zina matangi ya plastiki yaliyobanwa kwa meno madogo ya alumini, na zikizeeka zinavujisha hapohapo. Ukiona alama ya oili iliyokauka kwenye mstari huo, iache.

Njia ya kuihakikisha ni rahisi, na fundi wa pancha yeyote wa Kijenge au Majengo anaiweza. Ziba mdomo mmoja, mwingine uvishe kizibo chenye valvu ya tairi, jaza hewa taratibu hadi kama baa moja na nusu, halafu itumbukize kwenye beseni lake la maji. Kaa pembeni ya kizibo, usisimame mbele yake, maana kwa presha hiyo kikifyatuka kinatoka kwa nguvu inayozidi hata zile kilo 31. Mapovu yakionekana kwenye mapezi (yale mabati membamba ya kupoozea) au kwenye mstari wa tangi, rudisha mzigo siku hiyohiyo. Mweleze muuzaji tangu mwanzo kuwa utapima. Akikataa, umeshapata jibu.

Namba tatu ni seti ya mbele yenye jina, iliyotengenezwa kwa ajili ya gari lako hasa: Mishimoto ya Marekani, GReddy au HKS za Japani. Hizi zinapooza vizuri kuliko zote, hilo silibishi, na midomo yao huwa na tuta. Lakini hesabu viungio: bomba linatoka kwenye turbo, linazunguka hadi mbele, linarudi, na kila kona ina hozi, na kila hozi ina klipu mbili. Utakata bampa kwa ndani, na kompyuta ya gari itabidi ipangwe upya na mtu anayejua. Jambo la pili ni rejeta. Intakula ya mbele inasimama mbele yake na kuizuia isipate hewa. Vumbi la Kisongo na lile la tambarare ya KIA likijaa kwenye mapezi, pamoja na mbegu za nyasi na wadudu, utaona geji ya joto inapanda ukikata mlima kutoka Mto wa Mbu. Usiipeleke kuoshwa kwa mashine ya presha, maji yale yanalaza mapezi na hewa haipiti tena. Ioshe kwa mpira wa kawaida kutokea nyuma kuja mbele. Mishimoto wanatoa dhamana ya maisha, ila uliza kwanza nani atalipa kurudisha mzigo huko Marekani.

Namba nne ni zile za maboksi yasiyo na jina, zinazouzwa kama zinaingia gari lolote. Sina mengi ya kusema. Nilizopapasa nyingi zilikuwa na midomo laini.

Na hapa niseme la moyoni kuhusu maduka yetu. Unaingia, unasalimia vizuri, unaomba kuona mdomo wa bomba. Unaambiwa, "Dada, ukifungua boksi umenunua." Nimenunua nini ambacho sijakiona? Picha juu ya boksi ni ya bidhaa nyingine, mara nyingi ya kampuni kubwa, na ndani kuna kitu tofauti kabisa. Ukitaja kwamba gari ni Subaru, bei inapanda ukiwa umesimama. Ukiomba risiti ya EFD, inapanda tena, kama vile risiti ni huduma ya ziada na si haki ya mnunuzi. Klipu zinauzwa pembeni, na ni zile za bati jembamba za kuzungushwa kwa bisibisi, ambazo zinafaa hozi ya maji. Mwenye kipato cha kawaida amekusanya hela miezi, halafu anarudi nyumbani na kitu kitakachomwacha barabarani usiku na watoto kwenye gari. Hilo silichukulii kama biashara ya kawaida na sitaacha kulisema.

Ushauri wangu kwa duka la namna hiyo ni mmoja: mwombe muuzaji yeye mwenyewe afungue boksi mbele yako. Wengine hukubali ukiongea kwa heshima. Pitisha kidole kuzunguka mdomo wa kila bomba, si intakula tu, na mabomba ya kona pia. Tazama kama tuta linaonekana mpaka upande wa chini, kwa sababu nyingine zina tuta nusu mzunguko, na hozi inachomokea upande ule mwingine.

Kwa ambao tayari wamenunua laini, msitupe. Mchomeleaji wa alumini mwenye mashine ya gesi ya agoni anaweza kuweka nundu ndogondogo za alumini kuzunguka mdomo, kisha akazisawazisha kwa tupa zisikate hozi. Unga Limited kuna gereji nyingi, uliza anayechomelea alumini, si anayechomelea mageti. Hakikisha hozi na sensa zimetolewa, na bomba limeoshwa oili yote kabla ya moto. Dada wa Moshi alifanyiwa hivyo na anapandisha Marangu bila shida.

Klipu nunua zile pana zenye bolti ya kukaza kwa spana. Hozi tafuta ya silikoni yenye utando wa ndani unaostahimili oili, kwa sababu silikoni ya kawaida inanyonya oili, inalainika na kuteleza. Na usimruhusu fundi apake gundi ya gaketi ndani ya hozi. Ikiwa bado mbichi inatelezesha hozi. Futa mdomo wa bomba na ndani ya hozi kwa petroli, uache vikauke kabisa, uvishe vikavu.

Wenye Prado ya dizeli ya 1KZ wameniuliza pia. Kama boneti yako haina tundu la hewa, huenda gari halikuja na intakula kabisa, na injini ile inajulikana kwa kupasua silinda hedi ikizidiwa na joto. Kuifungia intakula kunasaidia, mradi fundi asiongeze dizeli kwa kisingizio kwamba sasa hewa ipo. Kwa dizeli jina ninaloliamini ni PWR la Queensland, watu wanaotengeneza rejeta hadi za magari ya Formula 1. Kipimo cha kidole ni kilekile.

Siku ya kufunga, kaza klipu, endesha mpaka injini ipate moto vizuri, liache gari lipoe usiku kucha, halafu asubuhi kaza tena kila klipu. Silikoni ikipata moto mara ya kwanza inakaa vizuri na klipu inalegea kidogo. Fundi wengi wanasahau hili kwa sababu gari limeshaondoka gerejini. Omba spana ya saizi ya zile bolti, uiweke kwenye droo ya gari.