Drottningholm: anzia bustanini, kasri lifuate

Wageni wengi wa Drottningholm, kasri la kifalme la Uswidi nje kidogo ya Stockholm, hukata tiketi, huzunguka vyumba vya kasri kwa saa moja, hupiga picha moja ya chemchemi, hao, wamerudi Stockholm. Kwangu hiyo ni nusu ziara. Uwanja wa nje hauna kiingilio na uko wazi mwaka mzima, na ndiko historia yenyewe iliko.

Kufika ni rahisi: treni ya chini ya ardhi, njia ya kijani, hadi Brommaplan, halafu basi. Kiangazi ipo pia meli kutoka gati la jirani na Jumba la Jiji, mwendo wa karibu saa moja juu ya ziwa Mälaren. Nendeni kwa meli, rudini kwa basi, ili msikimbizane na ratiba.

Jina maana yake ni kisiwa cha malkia. Mfalme Johan III alimjengea hapo mkewe, Katarina Jagellonica, kasri ambalo liliteketea tarehe 30 Desemba 1661, mara tu baada ya Hedvig Eleonora, malkia mjane, kulinunua. Hili la sasa lilianzwa 1662 na msanifu majengo Nicodemus Tessin Mkubwa. Mwanawe wa jina hilohilo akaendeleza.

Simama kwenye ngazi za upande wa bustani kabla ya kushuka. Nakshi za vichaka vilivyopogolewa zilipangwa zitazamwe kutoka juu. Ukishateremka huoni mchoro, unaona majani tu. Mbele yako kuna sanamu za shaba nyeusi za mchongaji Adriaen de Vries. Usidhani ziliagizwa kwa ajili ya bustani hii: ni nyara za vita, nyingine zilitwaliwa Praha mwaka 1648, nyingine kasri la Frederiksborg kule Denmark mwaka 1659. Za nje ni nakala, kwa sababu hali ya hewa ilikuwa inazila. Zile za asili zimehifadhiwa Museum de Vries, papo hapo. Ulizeni dirisha la tiketi kama iko wazi siku hiyo.

Jumba la maonyesho ya jukwaani la mwaka 1766 lina tiketi yake na huwezi kuingia bila kiongozi, kwa hiyo wekeni nafasi hiyo kwanza, mengine yapangwe kuizunguka. Mitambo ya mbao iliyobuniwa na fundi Donato Stopani bado inafanya kazi kwa nguvu za mikono: watu walio chini ya jukwaa huzungusha gurudumu na mandhari yote hubadilika kwa sekunde chache. Mawimbi ya jukwaani ni magogo yaliyochongwa kwa msokoto; radi ni sanduku la mawe linaloinamishwa huku na huku. Kilichoiokoa ni kusahauliwa. Mfalme Gustav III alipouawa mwaka 1792 maonyesho yalififia, jengo likawa stoo, hakuna aliyejisumbua kulifanya la kisasa, hadi mtafiti Agne Beijer alipoligundua upya 1921.

Banda la Kichina liko mwisho kabisa wa uwanja, na hapo ndipo wengi huishiwa na nguvu. Njia ni za changarawe: kigari cha mtoto chenye magurudumu madogo kitawatesa, na viatu vya kisigino viacheni nyumbani. Banda la kwanza lilikuwa la mbao, zawadi ya siku ya kuzaliwa ya Malkia Lovisa Ulrika mwaka 1753. Likaoza, hili lililopo likajengwa miaka ya 1763–1769. Pembeni yake kuna chumba cha chakula ambamo meza ilipandishwa kutoka ghorofa ya chini ikiwa imeshaandaliwa, watumishi wasisikie mazungumzo.

Drottningholm nimeiondolea nyota moja kwa sababu ya msimu. Baridi ikiingia chemchemi huzimwa, Banda la Kichina hufungwa, na saa za kasri hupungua sana. Upande wa kusini wa kasri msiutarajie wakati wowote: familia ya kifalme inaishi humo tangu 1981.

Nyota 4 kati ya 5, kwa ziara ya kati ya Juni na Agosti.