Lincoln na Johnson: nani alianzia chini zaidi kielimu?

Wengi humtaja Abraham Lincoln. Mimi namtaja Andrew Johnson, makamu wake aliyeshika urais wa Marekani baada yake mwaka 1865. Walipishana kuzaliwa kwa wiki sita hivi: Johnson Desemba 1808, Raleigh, North Carolina, Lincoln Februari 1809, Kentucky.

Lincoln angalau alionja darasa, ingawa ukijumlisha vipindi vyote hata mwaka haukutimia. Tena alikuwa na mama wa kambo, Sarah, aliyempa moyo wa kusoma.

Johnson hakukanyaga shule kabisa. Baba alifariki yeye ana miaka 3, na bado mdogo akawekwa kwa mshona nguo ajifunze kazi hadi atimize miaka 21. Pale kiwandani watu walikuja kuwasomea mafundi hotuba kwa sauti huku sindano zikienda. Ndiko alikopata hamu ya kusoma. Mwaka 1824 alitoroka, na tajiri wake akatangaza gazetini zawadi ya dola 10 kwa atakayemrudisha. Baadaye mkewe, Eliza, akamfundisha hesabu na kumnyoosha mwandiko.

Ila kwa kuitumia elimu hiyo finyu, Lincoln namweka mbele bila kusita: alijisomea sheria mwenyewe, na mwaka 1836 akapata leseni ya uwakili.