Snodropu za petali nyingi: uzoefu wangu na 'Flore Pleno' na 'Hippolyta'

Kibustani chetu hapa Norwich, mashariki mwa Uingereza, kikifika Novemba hubaki tope na matawi matupu. Ndiyo maana nikaagiza snodropu, kimaua cheupe cha tunguu kinachochanua kati ya Januari na Machi, baridi ikiwa bado kali. Nilichukua aina mbili za petali nyingi.

Kubwa kuliko yote: nunua zikiwa na majani mabichi, pale zinapomaliza kuchanua. Matunguu makavu ya dukani, yale ya msimu wa vuli, mara nyingi hayaoti, maana snodropu haivumilii kukauka. Zangu zililetwa na posta, zimefungwa mafungu mafungu kwa gazeti lenye unyevu, mizizi ingali na udongo. Majani yalikuwa yamelegea kama mchicha wa juzi, lakini ukiminya tunguu ni gumu, na hilo ndilo la kuangalia. Nikazifukia siku ileile chini ya mti unaopukutisha majani, kina cha sentimita 10 hivi, na mboji juu. Mwaka wa kwanza maua yalikuwa ya kuhesabu, uliofuata yakajaa.

'Flore Pleno' ni ya bei nafuu na haina makuu. Haizai mbegu, inaongezeka kwa matunguu kujigawa, kwa hiyo shina likisongamana unalifukua, unaligawa, jirani naye anapata. Kwa sura, tusidanganyane: ukiliinua ua kwa kidole, ndani petali zimejazana ovyoovyo, nyeupe na kijani, na hakuna ua linalofanana na jingine. 'Hippolyta' imetulia. Ua lake ni la mviringo, petali za ndani zimejipanga safu kwa safu, kila moja na alama ya kijani. Aliizalisha Heyrick Greatorex pale Brundall, kijiji cha jirani tu na sisi, katikati ya karne ya 20. Kadhaa kati ya zile alizozalisha zina majina ya wanawake wa tamthilia za Shakespeare. Bei yake, kwa tunguu moja, inakunulia fungu zima la 'Flore Pleno'.

Ila ujue ua lenyewe linatazama chini. Ukiwa dirishani na chai yako, ya petali nyingi na ya kawaida huzitofautishi. Kama si mtu wa kuinama kwenye baridi, chukua za kawaida uokoe pesa. 'Hippolyta' nimeihamishia kwenye chungu juu ya ukuta mfupi wa mlangoni, hapo angalau inaonekana.

Kindi, ambao hapa wanafukua tulipu bila haya, hizi hawazigusi. Zina sumu, na matunguu yake yanafanana mno na vitunguu vidogo, kwa hiyo fungu likifika lisipitie jikoni.

'Flore Pleno' nitaagiza tena, fungu kubwa zaidi. 'Hippolyta' niliyonayo inatosha.