Tableti ya kusomea PDF: usinunue inchi, nunua umbo

Inboksi yangu imejaa wazazi wenye kilio kimoja. Mmoja kaandika hivi: "Dada, nimemnunulia mwanangu tableti kubwa ya inchi 10, yuko kidato cha tano, ila notsi anazisukuma huku na huku kwa kidole na akifunga hakumbuki kitu." Jamani msimgombeze mtoto bure, angalieni skrini kwanza.

RAM na kamera sitaongelea, anasoma Biolojia haendi kurusha live. Shida ni kwamba inchi zinapimwa kona hadi kona, kwa hiyo tableti ndefu nyembamba inapata inchi nyingi huku upana hauna, na notsi zetu karibu zote ni A4, upana milimita 210. Galaxy Tab A9+ ni inchi 11 lakini ukiisimamisha upana wa skrini ni kama milimita 148, iPad ya inchi 10.2 ina 156. Ukifungua ukurasa mzima zote mbili zinakuonyesha saizi ileile kabisa! Zile inchi za ziada zinabaki nafasi tupu juu na chini. Simu ya inchi 6.5 ndo usiseme, upana kama milimita 68, ukurasa unabaki theluthi ya saizi yake, utavuta na kuskroli mpaka uchoke.

Na kuskroli ndo kunakoharibu. Mtu akisoma anakumbuka pia jambo lilikaa wapi, "ule mchoro wa figo ulikuwa chini kushoto", sasa ukurasa ukiwa unakimbia hiyo alama inapotea. Mwaka 2009 watafiti Sanchez na Wiley walionyesha kuskroli kunapunguza kuelewa, hasa kwa wale ambao kichwa hakibebi mambo mengi kwa wakati mmoja. Norway nako mwaka 2013 mtafiti Anne Mangen na wenzake waliwapima wanafunzi 72 wa darasa la 10, waliosoma kwenye karatasi wakaelewa zaidi ya waliosoma PDF kwenye kompyuta, na kuskroli walikutaja kama sababu mojawapo. Kwa hiyo sharti langu ni moja, ukurasa mzima uonekane na usomeke bila kuugusa.

Namba moja kwangu ni iPad toleo la 10, ile ya 2022 ya inchi 10.9. Ndiyo, mimi ni mtu wa iPad na sifichi. Umbo lake linakaribiana mno na A4, ukurasa unajaa skrini karibu yote, robo tatu ya saizi ya karatasi, na chaji yake ni Type-C. Ya pili ni toleo la 9, hiyo ya 10.2, used inatosha kabisa ila chaji ni ile ya zamani ya Lightning. Ya tatu Galaxy Tab S6 Lite, nyembamba kidogo lakini kalamu iko ndani ya boksi, na mtoto anayeandika pembeni ya notsi utampendea hiyo.

Laptopu ya inchi 15.6 ya umbo la kawaida, kimo cha skrini ni kama milimita 194, toa na zile menyu za juu na chini, ukurasa mzima unakuwa mdogo kuliko kwenye iPad! Watu hawaamini mpaka wapime. Kindle ya kawaida, kile kifaa cha Amazon cha kusomea vitabu, ni ya riwaya, PDF za A4 hapana. Zile tableti za bei chee zisizojulikana zimetoka wapi, ruka.

Sasa wauzaji. Ukiuliza upana unajibiwa "hii inchi 10 dada, kubwa hiyo", ukiomba kufungua PDF unaambiwa boksi likifunguliwa umenunua. Na used ndo balaa, kuna duka niliuziwa iPad bado ina akaunti ya iCloud ya mtu, yaani imefungwa kwa nywila ya mwenyewe wa zamani, nikarudi nikaonyeshwa kibao cha "mali ikiuzwa hairudishwi" na bei yenyewe nilipigwa kama mpya. Usitoe hela kabla hajaifuta yote mbele yako na ikawaka bila kudai nywila ya mtu mwingine, halafu jitumie pasti pepa moja uifungue palepale kaunta. Akinuna, duka la pili liko hatua tatu mbele.