Baada ya ukurasa wa 96 ukaja wa 81

Wazazi wenzangu, ukinunua kitabu cha hadithi mjini Moshi, chana ile nailoni hapo hapo kaunta, ufungue ukurasa mmoja mmoja muuzaji akikuangalia. Mimi sikufanya hivyo, na yaliyonikuta mpaka leo yananikaa kooni.

Ilikuwa kwenye baridi, mwezi wa saba au wa nane. Binti zangu, mmoja darasa la tano na mwingine la tatu, walirudi shuleni na habari za riwaya ya upelelezi ya watoto: mtu na mdogo wake, wasichana wa huku huku mlimani, wanaofumbua mafumbo ya kijijini kwao. Nikapanda daladala kutoka Kibosho, nikatoa 12,000, nikarudi nayo.

Siku nne nyumba ilichangamka. Baada ya chakula mimi nasoma kwa sauti, wao wanadakia. Fumbo la kwanza ni la kilo za kahawa. Baba wa wale wasichana anapima nyumbani, akifika kwenye mizani ya chama cha msingi zimepungua, na kijiji kizima kinamnyooshea kidole karani. Wasichana wanachukua debe moja, wanalipima kila jioni, na kidogo kidogo wanaona: kahawa ilipimwa haijakauka sawasawa, na kila ikianikwa inapoteza maji, na uzito unaondoka nayo. Hakuna mwizi. Kesho yake binti yangu mdogo alianika maharage mabichi akaenda kuomba mizani dukani kwa jirani. Mtoto huyu ukimwambia afanye hesabu huwa anaumwa tumbo.

Lakini fumbo lililotushika ni la maji. Aliyeandika kitabu hiki anaujua mfongo, mfereji wetu wa Kichaga wa kumwagilia, hakusimuliwa. Anajua kwamba maji hutolewa mtoni kwa mtaro, kila ukoo una zamu yake, usiku yanajazwa kwenye bwawa na asubuhi bwawa linazibuliwa yashuke vihambani, kwenye mashamba ya migomba na kahawa. Babu yangu alikuwa anaamka saa kumi alfajiri kulinda zamu yake, kwa hiyo nilisoma kurasa zile moyo ukinienda mbio. Kwenye hadithi, mtu anazibua bwawa usiku na zamu ya bibi mmoja mjane inakauka. Yule mdogo anaokota vipande vya mgomba vilivyotumika kuzibia, anaona kila mkato una mchirizi uleule: panga lililokata lina pengo. Basi wanapita nyumba kwa nyumba wakiazima panga. Ukurasa wa 96 wako nyumba ya mwisho. Wanapiga hodi. Mlango unafunguliwa.

Nikageuza, nikakuta ukurasa wa 81.

Nilidhani nimerudisha nyuma kwa bahati mbaya. Sikurudisha. Ilianza tena 81 mpaka 96, halafu ikaruka moja kwa moja hadi 113. Kurasa 16 kamili hazimo. Vitabu vingi huchapwa hivyo, kurasa nane upande huu wa karatasi na nane upande ule, ikikunjwa mara tatu inakuwa kifungu cha kurasa 16. Aliyepanga vifungu kabla ya kushona alichukua kimoja mara mbili akasahau kinachofuata. Kosa la mkono, nalielewa. Mtu yeyote anakosea.

Kilichotuumiza ni kwamba ukurasa wa 113 kila mtu kijijini ameshamjua mhusika, kwa hiyo hakuna anayemtaja tena. Ni “yeye” tu. Mama anamimina chai, “yeye” amekaa kimya, na mlangoni kwa yule mjane limewekwa jani la isale. Kwa asiye Mchaga: ukimkosea mtu vibaya ukaenda kwake na isale, umeomba msamaha, na ni vigumu sana kwake kukukatalia. Kwa hiyo tunajua mtu aliomba radhi na akasamehewa. Nani? Binti yangu mkubwa alilia kabisa, machozi, saa tatu usiku.

Jumamosi nikashuka naye mjini. Kijana wa dukani hata hakukifungua. Akanionyesha risiti: “Mama, soma hapo chini. Mali ikishauzwa hairudishwi.” Nikamwambia sitaki hela, anipe nakala nyingine. Zilikuwepo tatu rafuni. Nikamwomba basi afungue moja atazame tu kama ni nzima. Akasema akichana nailoni hakuna atakayeinunua. Hapo nilikuwa bado nina subira. Ndipo akamgeukia mwanangu: “Si hadithi tu? Ruka hapo, endelea mbele. Kingekuwa cha mtihani ningemwelewa mama yako.”

Hadithi tu! Mtoto amepanda daladala na kitabu kifuani kwa sababu anataka kujua ukweli wa jambo, wewe unayeuza vitabu unamwambia aruke ukweli. Nilisema maneno ambayo sikupaswa kuyasema mbele ya mtoto. Tukatoka. Njiani akaniuliza kama kusoma hadithi ni kosa.

Nilipoanza kuandika nilitaka kuwaambia msikinunue kabisa. Sasa naona nitakuwa nimemwonea mwandishi, maana miaka mingi sijaona wanangu wakigombania kitabu. Kinunueni, ila si kwa muuzaji asiyekubali kikaguliwe. Au subirini kwanza. Nimempigia mchapishaji mara tatu, simu inaita mpaka inakata, na kitabu chenye tundu katikati siwezi kumsifia mtu mpaka nijue kinavyofumbuka. Huenda mwisho wake ni dhaifu. Siamini, lakini huenda.

Mdogo anasema ni mwalimu. Mkubwa anasema ni mtoto wa yule mjane mwenyewe, kwa sababu mama ndiye anayemimina chai na wala hajakasirika. Wameacha kupima chochote. Mwenye nakala nzima, huku Kibosho au mjini, naomba aniazime jioni moja tu. Nitakifuata mwenyewe na nitakirudisha kesho yake asubuhi.