Kununua sarafu za kidijitali kwa mara ya kwanza ukiwa Kenya: njia tano, kuanzia bora hadi ya kukimbiwa

Anayetaka kuanza kripto kwa kawaida huuliza anunue ipi: Bitcoin, USDT, au ile ambayo mwenzake kazini anadai itapanda mara kumi. Kuna swali linalotangulia hilo. Siku ukizihitaji shilingi zako, zitarudije kwenye M-Pesa? Kuingia ni rahisi kila mahali, na hakuna anayekurahisishia kuingia kama tapeli. Kwa hiyo njia hizi nimezipanga kwa kuangalia urahisi wa kutoka, usalama, kisha gharama.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye simu, laini ya M-Pesa na shilingi 2,000 hivi ambazo hata zikipotea zote, kodi ya nyumba na karo vitabaki salama. Usianze kwa mkopo, na Fuliza usiiguse kabisa.

Kuhusu sheria, mambo yamebadilika sana. Desemba 2015 Benki Kuu ya Kenya ilitoa tahadhari kwa umma na kuzionya benki zisijihusishe na sarafu hizi, na tangu hapo mnunuzi wa kawaida akawa hana pa kulalamikia. Mwaka 2023 ikaja kodi ya asilimia 3 iliyokatwa kwenye thamani yote ya mauzo, hata kama umeuza kwa hasara. Kwa shilingi 2,000 hiyo ni 60. Sheria ya Fedha ya 2025 iliifuta na kuweka ushuru wa asilimia 10 juu ya ada ya mtoa huduma peke yake. Ada ikiwa shilingi 20, ushuru ni 2. Kisha Novemba 2025 ikaanza kutumika sheria ya kuwapa leseni watoa huduma, chini ya Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Kampuni ikikuambia ina leseni, ithibitishe kwa wadhibiti hao wenyewe, usitosheke na picha ya cheti iliyowekwa kwenye tovuti yake.

Nafasi ya kwanza naipa soko la mtu kwa mtu, P2P, lililo ndani ya soko kubwa kama Binance. Unanunua kutoka kwa mtu mwingine na kumlipa kwa M-Pesa, lakini sarafu zake zinashikiliwa na mfumo kama amana hadi athibitishe kuwa amepokea pesa. Ukitaka kutoka, unapita njia hiyohiyo upande wa pili: wewe ndiye muuzaji, shilingi zinaingia kwenye simu yako. Ndiyo maana iko juu.

Ila ina hatari zake, na karibu zote ziko kwenye dakika chache za malipo. Chagua muuzaji aliyekamilisha biashara nyingi, hata kama bei yake imezidi kwa shilingi moja. Jina linalotokea kwenye M-Pesa unapothibitisha malipo liwe lilelile lililo kwenye akaunti yake sokoni. Likitofautiana, futa oda. Akikuomba mhamie WhatsApp, ondoka, kwa sababu ugomvi ukizuka soko litaamua kwa kuangalia mazungumzo yaliyofanyika ndani yake. Usibonyeze kuwa umelipa kabla hujalipa, na ukishalipa usifute oda kwa sababu yoyote.

Ukiwa muuzaji, ujumbe wa simu si ushahidi. Ujumbe wa M-Pesa wa kughushi unaweza kuandikwa vizuri hadi nukta ya mwisho, na ukaja pamoja na simu ya mtu anayekuharakisha: “Bro, nimeshatuma, achilia basi.” Fungua programu ya M-Pesa, tazama salio, ndipo uachilie. Mteja halisi atasubiri.

Kabla hujaongeza hata shilingi mia kwenye zile 2,000, ziuze zote, uone kilichorudi kwenye simu. Tofauti utakayoiona ndiyo gharama yako halisi: bei ya kununua dhidi ya bei ya kuuza, ada ya M-Pesa na ada ya soko. Tangazo la “ada sifuri” halikuonyeshi hesabu hiyo.

Nafasi ya pili ni pochi, yaani programu ya kuhifadhia sarafu, ya Lightning, mtandao unaopitisha Bitcoin kwa viwango vidogo na kwa sekunde. Bitcoin moja ina satoshi milioni 100, kwa hiyo huhitaji kununua nzima. Dhana kwamba bila mamilioni huwezi kuanza imewazuia wengi bure. Hapa Kenya kuna Tando: unaandika namba ya M-Pesa au ya till na kiasi cha shilingi, unalipa kwa satoshi, na mama mboga anapokea shilingi zake kama kawaida bila kujua wala kujali zimetoka wapi. Kwa kutoka, hii ni njia safi sana. Kuingia ndiko kugumu, kwa kuwa lazima kwanza upate satoshi, ama kwa kuzinunua P2P ama kwa kulipwa kazi. Kwa vijana wanaoandika programu au kuchora kwa ajili ya wateja wa nje, ningeiweka ya kwanza.

Ambaye hana simu janja naye hajasahaulika. Machankura, iliyoanzishwa mwaka 2022 na Kgothatso Ngako wa Afrika Kusini, inatuma na kupokea Bitcoin kwa kubonyeza namba za USSD kwenye kabambe, bila intaneti. Kumbuka tu kwamba funguo, yaani siri zinazoruhusu sarafu zitumike, wanazishika wao, kwa hiyo weka humo kiasi cha matumizi, si akiba. Naiheshimu kazi hii kuliko matangazo mengi ya makampuni makubwa, kwa sababu inakutana na mtu pale alipo: hana bando, na programu nyingi zinamsemesha Kiingereza asichokitumia nyumbani.

Ya tatu ni kadi ya benki. Ni haraka, lakini ada ni kubwa, benki inaweza kuyakataa malipo, na mara nyingi bado utarudi P2P wakati wa kutoka. Itumie ukikosa njia nyingine.

Ya nne ni mtu uliyempata kwenye kundi la Telegram au WhatsApp anayeuza “bei poa”. Hakuna amana, hakuna mwamuzi. Hata akiwa ni rafiki wa rafiki, usimpe pesa kwanza.

Ya mwisho ni programu za “kuchimba” kwa simu, zinazodai kukuzalishia sarafu, na upatu unaoahidi faida kila siku ukileta watu. Huko hununui sarafu; unanunua ahadi. Weka hapo pia vya bure. Mwaka 2023 watu walipanga foleni ndefu KICC wapigwe picha ya mboni na Worldcoin, mradi wa sarafu ya kidijitali, wakapata kama shilingi 7,000. Serikali ilisimamisha zoezi hilo Agosti, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru taarifa hizo za kibayometria zifutwe. Siwalaumu waliopanga; 7,000 ni pesa. Lakini namba ya siri inaweza kubadilishwa, jicho halibadiliki.

Sasa, ununue ipi? Bitcoin kama unaweza kukaa nayo miaka na kuvumilia ikishuka nusu. USDT, ambayo thamani yake inafuata dola, kama unalipia bidhaa za nje au unapokea malipo. Za vichekesho zenye picha za wanyama, achana nazo. Ukihamisha USDT, hakikisha mtandao unaotumwa kupitia na ule wa kupokelea ni mmoja: anwani ya Tron huanza na herufi T, ya Ethereum huanza na 0x. Linganisha herufi nne za mwanzo na nne za mwisho, na utangulize kiasi kidogo cha majaribio. Ada ya kutoa mara nyingi ni kama dola moja, ambayo kwa shilingi 2,000 ni zaidi ya asilimia 6, kwa hiyo usihamishehamishe.

Ukiwa Tanzania, mambo ni tofauti. Benki Kuu ilitangaza Novemba 2019 kwamba sarafu hizi hazitambuliki nchini, ilhali Sheria ya Fedha ya 2024 ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye uhamishaji wake. Kwa hiyo unaweza kudaiwa kodi na bado ukakosa wa kukutetea ukiibiwa.

Kiasi kikikua, kitoe sokoni. Soko la LocalBitcoins lilifunga mwaka 2023, la Paxful likafuata 2025, na soko la FTX lilipoanguka Novemba 2022 wateja walikuta mlango umefungwa na pesa zao ziko ndani. Pochi yako mwenyewe hukupa maneno 12 au 24 ambayo ndiyo ufunguo wa sarafu zako. Yaandike kwa kalamu, usiyapige picha, usiyatume kwa mtu yeyote anayejiita huduma kwa wateja. Mwambie mtu mmoja wa nyumbani karatasi iko wapi na ni ya nini, kwa sababu pochi hiyo haina ofisi ambayo familia itapeleka cheti cha kifo.