Termostati janja inayowasha na kuzima AC kila dakika: uzoefu wangu Nairobi

Nimeifunga termostati hii ya Wi-Fi (kifaa cha ukutani kinachoiamuru AC iwake au izime) kwenye AC, yaani kiyoyozi, ya BTU 36,000 (kipimo cha nguvu ya kupoza), ile inayofichwa juu ya dari na kusambaza baridi kwa mabomba ya hewa. Si inverter, yaani kompresa yake haibadilishi kasi; huwaka au huzima tu. Skrini inasomeka vizuri na programu yake ya simu haisumbui. Kasoro ilikuwa moja, lakini nzito: kompresa (pampu ya gesi ya kupoza) iliwaka dakika 3, ikazima, ikawaka tena baada ya dakika 4, mchana kutwa. AC iliyo sawa hukaa imewaka dakika 10 hadi 15 kwa awamu, mara mbili au tatu kwa saa. Kila kompresa inapoanza huvuta ampea nyingi kuliko inapokimbia, kwa hiyo mtindo huu unamaliza tokeni za stima na kuichakaza mashine.

Usikimbilie kununua termostati nyingine, wala usikubali fundi aongeze gesi kabla ya kupima. Jua kwanza amri ya kuzima inatoka wapi. Weka multimita (kipima umeme) kwenye volti za mkondo geu (V~), ncha moja kwenye Y (laini inayobeba amri ya kupoza) na nyingine kwenye C (njia ya kurudi ya umeme) kwenye bodi ya ndani, kisha ngoja kompresa izime. Volti 24 zikiwa bado zipo, termostati ingali inaomba baridi na mashine imejizima yenyewe. Zikishuka hadi sifuri bila stima ya AC kukatika, termostati ndiyo iliyozima. Kipimo hiki kinaokoa pesa nyingi kuliko ushauri wowote utakaopewa.

Hapa volti zilishuka. Sababu kubwa ilikuwa waya wa C, ambao haukuwa umeungwa. Bila waya huo, termostati inajichaji kwa kuiba umeme kidogo kupitia laini ya Y. Betri yake ya ndani ikipungua, relei (swichi yake ya ndani) inaachia na kompresa inazima. Fungua mipangilio uone volti ya betri: ikiwa inapanda na kushuka badala ya kutulia, tatizo ni hilo. Tiba ni kuvuta waya wa nyuzi 5 kutoka kwenye bodi hadi ukutani, uunge R (umeme wa volti 24), C, Y na G (feni), kisha uache mmoja wa akiba. Zima swichi kuu kwanza. R ikigusana na C utaunguza fyuzi ya bodi, kwa kawaida ya ampea 3 au 5, au transfoma yenyewe.

Sababu ya pili ilikuwa mpangilio wa kiwandani. Tofauti ya joto kati ya kuwaka na kuzima iliwekwa nusu digrii, na hiyo ni finyu mno kwa chumba kidogo. Niliipandisha hadi digrii 1.5, na muda wa kompresa kupumzika ukawa dakika 5 ili presha ya gesi isawazike kabla ya kuanza tena. Pia nilizima kipengele cha kujifunza ratiba, maana kilikuwa kinabadilisha joto lililowekwa bila kuulizwa.

Mahali pa kufunga napo pana uzito. Ifunge mita 1.5 kutoka sakafuni, mbali na mdomo wa hewa baridi, na uzibe kwa silikoni tundu la waya lililo nyuma yake, kwa sababu hewa ya ndani ya ukuta huidanganya sensa. Nairobi tuko karibu na ikweta, kwa hiyo mwezi wa Juni jua la adhuhuri hukaa upande wa kaskazini, na Desemba huhamia kusini. Ukuta uliokuwa kivulini ulipofunga unaweza kupigwa na jua miezi sita baadaye.

Ikiwa volti 24 hazikushuka, iache termostati. Anza na filta chafu, kisha koili ya ndani iliyoshika barafu, koili ya nje iliyojaa vumbi, kapasita (kifaa kinachoisaidia mota kuanza) iliyochoka, na mwisho gesi iliyovuja. Usiku wa Julai, joto la nje likishuka hadi digrii 12, AC ya kawaida ikilazimishwa kupoza chumba cha seva hupoteza presha na koili hushika barafu. Hapo inahitajika kidhibiti cha kasi ya feni ya nje. Kuongeza gesi kutaharibu zaidi. Kagua pia kile kifaa cha kulinda AC dhidi ya stima mbovu. Kompresa ikianza, volti zikadidimia chini ya kiwango chake, kinakata, kinasubiri dakika kadhaa, kinarudisha, na mchezo unaanza upya. Ukikiona kinabadilisha taa kila kompresa inapozima, mwite fundi wa stima apime laini na akaze viungo.

Baada ya waya wa C na mipangilio mipya, awamu sasa ni za dakika 12 hivi. Nawapa nyota 4. Moja imekatwa kwa sababu kijitabu chao hakisemi popote kwamba waya wa C ni lazima.

Angalizo kwa mnunuzi: termostati hii ni ya volti 24. Baadhi ya AC za darini hupitisha volti 240 hadi ukutani, na zitaiunguza papo hapo, kwa hiyo pima waya kabla ya kulipa. AC ya ukutani ya rimoti haiitaki kabisa. Tafuta kile kifaa kinachotuma ishara kama rimoti.